Fundi Homa na Jiko la Oili Chafu

Jina la Fundi Homa lilitoka kwa madereva, ambao ni watu wa kugawa majina bila kumwuliza mwenyewe. Injini ikichemka njiani wao husema gari lina homa, na gari lenye homa hupelekwa kwa Fundi Homa. Kwamba kwa hesabu hiyo daktari wa meno angeitwa Bwana Jino Bovu, hilo halikuwasumbua. Wala yeye hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache na matundu mengi, na katika mji ule wa mlimani, ambako malori hupanda yakiugulia na kufika yakitoa mvuke puani, matundu hayakuwahi kumwishia.

Kazi yake ilikuwa redieta. Aliivua kwenye gari, akaiziba midomo, akaizamisha kwenye tangi la maji na kuipuliza hewa. Kisha aliinama akatazama. Palipotoka povu ndipo palipotoboka. Hakukuwa na haja ya kubishana. Mafundi wengine walisikiliza, wengine walinusa, wengine walimwuliza mteja maswali kama mahakamani. Yeye alitazama mapovu yakipanda, ametulia kama mtu anayesoma gazeti la jana. Kwa ufupi, maisha yake yote yalikuwa ya kuondoa joto lilipo na kulitupa nje. Kwamba kuna mahali joto hilo lingehitajika ni jambo lisilomjia kichwani, kama vile mchimba kaburi asivyofikiri kwamba shimo lake lingefaa kisima.

Aliyemlazimisha kufikiri alikuwa mkewe.

Mke huyu aliitwa Mama Viti, kwa sababu alishona viti vya magari, na madereva, kama tulivyoona, hawajisumbui sana. Wote wawili walifanya kazi ndani ya banda moja la mabati lililogawanywa kwa pazia la turubai. Upande wa mlango palikuwa na tangi la maji, vipande vya shaba na Fundi Homa. Upande wa dirisha palikuwa na meza ndefu, kabati la vitambaa, marobota ya ngozi ya plastiki, na cherehani nzito nyeusi ambayo ilikuwa imemshinda kila fundi aliyepata kuigusa isipokuwa yeye. Mama Viti aliweza kushona kona ya kiti cha lori kwa mshono mmoja bila kuinua mguu. Watu waliokuja kuchukua redieta walijikuta wamesimama kwenye pazia, wakitazama.

Msimu wa baridi ulipoingia, ukungu nao uliingia, tena bila kubisha hodi. Mabati yalitoa jasho asubuhi na kulidondosha shingoni mwa watu mchana. Mkasi ulikuwa wa baridi hata ungedhani umeshika samaki. Na mwaka huo vidole vya Mama Viti vilianza kukataa. Kabla ya kazi alivishika vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akavikunja kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu kufunga mwavuli wa zamani bila kuuvunja. Fundi Homa alimwona kupitia upenyo wa pazia. Siku moja sindano ya cherehani ilipita kwenye ncha ya kidole cha mkewe, naye akaendelea kushona mpaka alipoona damu kwenye kitambaa, maana kidole chenyewe hakikuwa kimempa taarifa.

Jioni ile binti yao, aliyeolewa bondeni kwenye joto, alipiga simu.

"Mama, njoo huku. Huku hata paka wanalala sakafuni wametanuka kama mikeka."

"Nitakuja," alisema Mama Viti. Akamgeukia mumewe. "Baridi ikizidi hivi nakwenda kwa mtoto. Nitakaa mpaka ipungue. Baada ya hapo, tutaona."

"Sawa," alisema Fundi Homa.

Alisema "sawa" kwa sababu hakuwa na neno jingine karibu. Lakini lile "tutaona" lilimchoma. Katika ndoa yao tutaona lilikuwa neno la kuzikia mambo. Kitanda kilichovunjika mguu kiliambiwa tutaona, na mpaka leo kinasimama juu ya tofali. Safari ya kwenda kuona ziwa iliambiwa tutaona, na ziwa halijaonwa. Fundi Homa alijua hesabu: mtu akienda mahali penye joto na wajukuu, vidole vikalainika, akaletewa chai kitandani, kurudi kwenye banda la mabati ni suala la akili timamu, na mkewe akili zake zilikuwa timamu sana.

Wapo wanaume ambao hapo wangesema neno. Wangesema usiende, au nitakukosa, au angalau wangekohoa kwa namna fulani. Fundi Homa alitoka nje, akasimama mbele ya pipa la oili chafu ambayo mafundi wa jirani walikuwa wakiimwaga baada ya kubadilisha ya injini, akalitazama muda mrefu.

Kesho yake akachora kwa chaki sakafuni.

Wa kwanza kuuona mchoro alikuwa Cheche, mchomeleaji wa vyuma wa banda la pili, ambaye pia alikuwa kaka yake Mama Viti. Yaani alikuwa shemeji, na kama mashemeji wengi aliamini Mungu amempa kazi mbili: kuchomelea na kumtania mume wa dada yake.

"Shemeji, umechora ng'ombe?"

"Hilo ni jiko la kupashia banda."

"Na hizi chuchu?"

"Mabomba hayo."

"Pole. Nilitaka kuuliza anatoa lita ngapi."

Fundi Homa alimweleza, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko yote aliyopata kutoa tangu siku ya harusi. Chini kungekuwa na tangi la kompresa iliyokufa, na ndani yake drami ya breki ya lori, iwe kama sufuria. Oili chafu ingeanguka humo tone kwa tone. Katikati lingeshuka bomba lenye matundu, kupeleka hewa kwenye moto. Juu ya tangi lingekaa pipa la pili, lililopitishwa mabomba matupu toka ubavu mmoja hadi mwingine. Moshi wa moto ungezunguka mabomba hayo kwa nje, ukayachemsha, kisha ukatoka kwa dohani kupita paani. Feni ya redieta ya basi ingesukuma hewa safi kupitia ndani ya mabomba yale yale, nayo ingetokea upande wa pili ikiwa ya moto, haijaonana na moshi hata kidogo.

"Ni redieta," alisema Cheche taratibu. "Ila umeigeuza ndani nje kama nguo."

"Moshi na hewa ni kama mawifi," alisema Fundi Homa. "Wakae nyumba moja, wapashane joto kupitia ukutani. Wakikutana jikoni, kuna mtu atazikwa."

Hapo hakuwa anatania. Alimjua dereva aliyelala kwenye kabini ya lori na jiko la mkaa na hakuamka, na alijua kwamba kilichomuua hakikuwa na rangi wala harufu. Kwa hiyo pipa la mabomba lilipokwisha kuchomelewa alilifanyia kama redieta: akaliziba, akalizamisha tangini, akalipuliza, akainama. Povu likatoka kwenye kiungo kimoja. Baadaye likatoka kwenye kingine.

"Hilo ni povu la sabuni," alisema Cheche, kwa sababu viungo vilikuwa vyake.

"Sijatia sabuni."

"Basi maji yako machafu."

"Rudia, shemeji."

Cheche alirudia. Alirudia tena, akinung'unika kwamba dada yake angeolewa na mwalimu yote haya yasingetokea. Fundi Homa alizamisha mpaka maji yakabaki kimya kama kioo, kisha akazamisha tena, ili kuhakikisha kwamba ukimya wenyewe si wa uongo. Uvumilivu wa namna hiyo mtu hazaliwi nao. Unatokana na maisha ya kuinama juu ya maji ukingoja ukweli upande wenyewe.

Sasa likabaki bomba la kati, la kupeleka hewa kwenye moto. Walipata bomba la zamani lililokuwa tayari na vitundu vidogo, mstari juu ya mstari. Fundi Homa aliona vingi ni vidogo mno. Akavizungushia duara za chaki vile alivyotaka vipanuliwe, akaondoka kwenda kutafuta drami ya breki, na mlangoni akageuka.

"Shemeji! Hapo penye duara pote, pachome. Halafu funga kila kitu."

"Pachome?"

"Pachome vizuri."

Hakuna aliyekosea kusikia. Msiba mzima ulianzia hapo.

Aliporudi bomba lilikuwa limekwisha kukazwa ndani ya tangi, na kifuniko kimefungwa kwa boliti. Walitia drami kwa chini, wakainua dohani, wakaunganisha mpira wa oili na koki yake, wakafungua kidirisha cha juu cha banda ambacho Fundi Homa aliamuru kisifungwe kamwe, jiko likiwaka au likizima. Mama Viti naye alikuwa upande wake, akimalizia ngozi za viti vya mteja mmoja aliyependa rangi ya krimu, rangi ambayo haijapata kumtendea wema mtu yeyote katika karakana.

"Mnawasha?" aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Tunawasha," walijibu wote wawili, kwa sauti ya watoto walioshika kiberiti.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Wahenga hawakupata kuliona jiko la Fundi Homa. Ulitoka moshi mweusi, mzito, wa kukata kwa kisu, wala hapakuwa na moto wa kutajika. Ulitoka kwenye dohani, dohani ikashindwa, ukatoka kwenye tundu la kuingizia oili, ukapanda mpaka kwenye mabati, na ulipoona huko hakuna nafasi ukashuka kuwatafuta watu. Fundi Homa alifunga oili kwa mkono mmoja na kumkokota shemeji yake kwa mwingine. Mama Viti alitoka mwenyewe, wima, amebeba viti vya krimu kifuani kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoungua na mtoto. Walipofika nje wote watatu walifanana, na viti havikuwa vya krimu tena.

Ungetarajia Mama Viti apige kelele. Cheche alizitarajia kelele hizo kiasi kwamba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Viti alivikung'uta viti, akatazama masizi yakikataa kutoka, akavikunja vizuri pamoja na masizi yake.

"Nitavishona upya hivi," alisema. "Nikimaliza, mtoto aje anichukue."

Hakusema tutaona. Fundi Homa aliona ingekuwa nafuu kama angesema.

Mama Viti alipokwisha kwenda kunawa, wanaume walifungua kifuniko. Fundi Homa aliingiza taa, akaingiza na kichwa. Kichwa kilikaa humo kitambo.

"Matundu yako wapi?" iliuliza sauti kutoka tangini.

"Matundu gani?"

"Niliyokuambia uchome!"

"Si nimeyachoma! Pitisha kidole uone. Laini kama goti la mtoto."

"Umeyaziba!"

"Sasa mtu akiambiwa achome, anafanyaje? Anayafungua? Mimi ni mchomeleaji, sio panya!"

Fundi Homa alitoa kichwa, cheusi, akaeleza kwa uchungu kwamba kuchoma ni kupitisha ufito kwenye mrija mpaka utokee upande wa pili. Ndivyo redieta iliyoziba inavyochomwa, ndivyo inavyochomwa sindano, ndivyo alivyosema maisha yake yote. Cheche alijibu kwa uchungu ule ule kwamba kuchoma ni moto na chuma, kiungo kishike, ndivyo alivyosema yeye maisha yake yote, na kama kuna mtu hapo haelewi Kiswahili ajitokeze.

Aliyejitokeza ni Mama Viti, na taulo mkononi.

"Hebu ngojeni. Huyu akisema choma anataka pafunguke. Huyu anataka pafungwe. Mimi nikisema nimechomwa natafuta plasta. Mmekaa ukuta mmoja miaka yote hii mnazungumza nini?"

"Angesema toboa!" alisema Cheche. "Neno lipo! Toboa! Halina hata kodi!"

Fundi Homa alifuta masizi mdomoni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kitu ambacho mkewe aliwasimulia watu mara nyingi baadaye, kila mara akianza kucheka kabla hajafika:

"Siwezi kuagiza kitu kitobolewe. Kwangu mimi kutoboka ni ugonjwa."

Mama Viti alimtazama mumewe, masizi mpaka kwenye kope, akacheka mpaka akashika ukuta. Cheche naye akacheka. Fundi Homa hakuona cha kuchekesha, lakini alimwangalia mkewe akicheka kama anavyoangalia tangi, kwa makini, asipitwe na kitu. Hata hivyo kicheko hakikubadili neno. Viti vilishonwa upya, kwa taabu, kidole kimefungwa plasta. Simu ilipigwa. Begi liliwekwa mlangoni.

Fundi Homa alilitoa bomba tangini, akaliweka mapajani, akaanza kutoboa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu ambaye tangu ujana alikula kwa kuziba matundu alikaa siku nzima akiyatengeneza, amekunja uso kama mtawa aliyeagizwa kuiba. Kila keekee ilipopenya alishtuka kidogo. Alisafisha kingo za kila tundu kwa tupa, jambo lisilo la lazima kwa jiko, ila kwake tundu likishakuwapo liwe basi tundu la heshima.

Binti alikuwa njiani anapanda mlima walipowasha mara ya pili. Cheche alisimama karibu na mlango, kwa sababu za kitaalamu. Oili ilianza kudondoka, moto ukashika, mara jiko likavuta pumzi. Lilianza kwa kukoroma, likapanda, likanguruma. Kwenye dohani moshi ulikuwa mwembamba hata ungelazimika kuutafuta. Feni ikazungushwa, na kwenye midomo ya mabomba ikatoka hewa ya moto, safi, isiyo na harufu yoyote. Fundi Homa alipitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo cha pipa, akainama, akatazama. Kimya. Kisha akaigeuza feni isukume hewa kuelekea upande wa dirisha, akalifungua pazia nusu.

Mabati yaliacha jasho. Ukungu uliokuwa ukikaa juu ya meza ya Mama Viti kama mpangaji uliondoka bila notisi.

Lakini jiko lilikuwa na tabia zake. Oili ikizidi kidogo lilitetema mpaka mabati yakapiga makofi. Ikipungua kidogo lilianza kukohoa, na ule moshi wa siku ya kwanza ukachungulia. Yote yalikuwa kwenye koki ndogo ya shaba, na koki ilitaka kuguswa, si kushikwa. Vidole vya Fundi Homa vilikuwa vimeungua miaka mingi kwa risasi iliyoyeyushwa ya kuzibia matundu hata ncha zake zikawa kama soli. Aliigeuza, ikapita. Akairudisha, ikapita upande wa pili. Jiko liliruka, likafa nusu, likaruka.

"Shemeji, unaliendesha au unaligombeza?" aliuliza Cheche kutoka mlangoni.

"Inateleza."

Mama Viti alikuja akasimama nyuma yao, koti limefungwa mpaka shingoni, tayari kwa safari. Alisikiliza. Kwa muda alinyoosha mikono mbele ya mabomba, akaigeuzageuza, na vidole vikafunguka vyenyewe, bila kusaidiwa na mkono wa pili. Alivitazama kwa mashaka, kama watu waliochelewa kurudi nyumbani.

"Hebu ondoka hapo," alimwambia mumewe.

Aliketi. Akagusa koki kwa vidole viwili, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya anapopima kukaza kwa uzi wa cherehani. Aliigeuza kiasi ambacho hakuna aliyeona akiigeuza. Ngurumo ikashuka. Akairudisha kiasi cha unywele. Kutetema kukakoma, jiko likawa linavuma tu, sauti moja iliyonyooka, mshono usiokatika.

"Uzi ulikuwa umelegea," alisema.

Kuna ustadi ambao ukiuona ukifanyika jambo la heshima ni kufunga mdomo, na hata Cheche alilijua hilo, ingawa lilimgharimu.

Binti aliingia akiwa amejifunga shali mbili. Aliangalia begi mlangoni, akaangalia chombo kinachovuma, akamwangalia mama yake, aliyekuwa amefungua vifungo vya koti na kukunja mikono ya sweta.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Mama, tuondoke mapema, giza lisitukute mlimani."

"Marahaba, mwanangu. Keti upate joto kwanza."

"Huku ndiko mnakokaa kwenye baridi?" Alikuwa tayari anafungua shali ya kwanza. "Mama, twende. Gari liko nje."

"Na hili nani atalikaza?"

"Baba si yupo?"

Mama Viti hakuinua macho kutoka kwenye koki. "Baba yako ana mikono ya kuziba. Hili linataka mkono wa kushona. Nikimwachia, nikirudi nitakuta banda liko kwa jirani."

"Kwa hiyo huji?"

"Nitakuja kuwaona wajukuu baridi ikiisha, watu wakiwa hawanihitaji. Sasa nina kazi. Tena nawe ungekaa mpaka kesho, umechoka, uso umekupauka."

Binti akamgeukia baba yake kutafuta msaada, au maelezo, au hata kikohozi. Lakini baba alikuwa amefika mlangoni. Alilinyanyua begi la mkewe kwa mikono miwili, akapita nalo nyuma ya pazia kwa mwendo wa haraka kuliko uzito wake ulivyohitaji.

"Polepole na hilo begi!" alisema Mama Viti. "Ndani kuna chupa!"

Kutoka nyuma ya pazia ukasikika mlango wa kabati, ukifunguliwa na kufungwa.